Je, wajua kwa nini rimu ya Honda hulegea kwenye Toyota ingawa matundu yanalingana?

Rimu ya aloi iliyotoka kiwandani na Honda CR-V huingia kwenye Toyota RAV4 ya nati tano bila kubishana. Matundu matano ya rimu yamepangwa kwenye duara la milimita 114.3, sawa na bolti za RAV4. Thredi (mikato ya skrubu) nazo ni zilezile, M12x1.5, yaani bolti ya milimita 12 ambayo nati husogea milimita 1.5 kila mzunguko, kwa hiyo nati za Toyota zinazunguka kwa vidole mpaka mwisho. Muuzaji akisema "inakaa" hajadanganya. Ila baada ya muda nati hizo zinaweza kukutwa zimelegea, na fundi akaambiwa hakukaza.

Huenda alikaza vizuri tu. Kinachodhaniwa na wengi ni kwamba rimu inaning'inia kwenye bolti kama koti kwenye msumari, na nati ipo kuzuia isichomoke. Sivyo. Nati ikikazwa huivuta bolti, nayo hurefuka kidogo mno, kwa kawaida chini ya moja ya kumi ya milimita. Mvutano huo ndio unaoibana rimu kwenye uso wa habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye bolti, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba uzito wa gari na nguvu ya breki. Ndiyo maana kutu, matope au rangi nene kwenye uso wa habu ni jambo la kusugua kwa brashi ya waya kabla ya kufunga. Mbano ukipungua, rimu huanza kucheza, bolti hupindishwa kwa kila mzunguko wa tairi, na mwishowe huchoka na kukatika.

Sasa mbano unapoteaje? Tazama mahali nati inapokalia. Rimu za kiwandani za Honda zina kikalio cha mviringo, kama bakuli dogo, na nati zake zina kichwa cha mviringo kinachokijaza. Nati za rimu za chuma za Toyota, na za rimu nyingi za spoti, zina kichwa cha umbo la pia (koni) chenye pembe ya digrii 60. Ukiitia nati ya pia kwenye kikalio cha mviringo, vinagusana kwenye mstari mwembamba tu unaozunguka. Nguvu yote ya kukaza inamalizikia hapo. Nati inahisi imekaza, spana inagoma, lakini aloi chini ya mstari huo inabonyea gari linapotembea. Kwa kuwa bolti ilirefuka kidogo vile, kubonyea kwa sehemu ndogo ya milimita kunatosha kula mvutano mwingi.

Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota zina aina ya tatu: nati ndefu yenye shingo na washa bapa. Hii haifai kwenye kikalio cha mviringo wala cha pia.

Kupima ni rahisi. Paka kichwa cha nati rangi ya alama, ikaze kwa mkono, izungushe kidogo, kisha ifungue. Alama ikiwa mkanda mpana kwenye kikalio, vinaoana. Ikiwa mstari kama uzi, tafuta nati nyingine. Na hapa thredi zile zilizoleta mtego ndizo zinazoleta dawa: nati za Honda zinaingia kwenye bolti za Toyota, basi nunua rimu pamoja na nati zake. Usijaribu hivyo kwa nati za Subaru au Nissan za M12x1.25, zikilazimishwa zinaua thredi za bolti.

Tundu la katikati ni habari nyingine. La Honda hii ni milimita 64.1, habu ya Toyota ni 60.1, hivyo panabaki nafasi ya milimita 2 kila upande. Ringi ya kujazia huiweka rimu katikati wakati wa kukaza, haibebi uzito. Bila ringi, nati zinazooana zikikazwa kwa mtindo wa nyota (kuruka nati ya jirani) tairi likiwa hewani zinaweza kuiweka sawa. Usukani ukitetemeka usikimbilie kulaumu tundu, maana balansi mbovu hutoa dalili ileile.

Kabla ya kukaza, hesabu mizunguko ambayo nati imeingia kwenye thredi: isipungue minane, yaani milimita 12. Usipake mafuta. Toyota nyingi ndogo zinataka nati zikazwe kwa nguvu ya newton-mita 103, ila kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Rudia kukagua baada ya kilomita 50 hadi 100.

Nati za zamani zisiuzwe. Kama tairi la akiba bado lina rimu ya chuma ya Toyota, nati za mviringo za Honda hazitalifaa siku ya pancha. Weka tano za pia kwenye buti, pamoja na jeki.