Mtoto wa kwanza na malezi chanya: tunayoyasikia huku Kusini na ukweli wake

Ukijifungua mtoto wa kwanza hapa Mtwara, hata arobaini haijaisha umeshapewa mashauri tele. Mengi yametoka kwenye upendo. Yale ya nidhamu, hata hivyo, yamechanganyika na mambo yanayoumiza watoto, na mzazi mpya inabidi ayapembue.

“Usimbebe kila akilia, atazoea mikono.”
Mtoto mchanga hana hila. Akilia ana njaa, kalowa, ana usingizi, au anataka mtu tu. Kilio huongezeka wiki za mwanzo, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua polepole. Kumbeba hakumharibu. Hatari ni kumtikisa kwa hasira: ubongo unaweza kuvuja damu, akapofuka, akapata ulemavu au akafa. Ukihisi umeshindwa, mlaze chali mahali salama utoke upumue, au mpe mwenzako amshike.

“Malezi chanya ni kumdekeza.”
Hili nalipinga kwa nguvu zote. Kudekeza ni kumwachia mtoto afanye atakalo. Malezi chanya, yaani kumwongoza mtoto bila kumpiga wala kumdhalilisha, yana mipaka, na mpaka wa leo ndio wa kesho. Chukua uani kwa watu, Newala, makopa, yaani mihogo mikavu, yameanikwa mkekani. Mtoto wa miaka miwili na nusu anayarushia kuku, anacheka. Mkono wa mzazi unawasha. Chuchumaa mtazamane, mshike mkono, mwambie kwa sauti ya kawaida: “Makopa hayarushwi. Tuyaokote.” Muokote pamoja, hata kama yeye ataokota matatu na wewe yote yaliyobaki. Kisha mpe kifuu na mchanga achezee pembeni.

Kesho atarudia, maana kujizuia kwa umri ule bado ni kazi ngumu. Nawe unarudia vilevile, maneno yaleyale. Inachosha kuliko fimbo, ndiyo maana inaniuma malezi haya yakiitwa ulegevu.

“Bila kiboko hapati adabu.”
Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, walichambua tafiti 75 zenye watoto zaidi ya 160,000. Kuchapwa kuliendana na ukorofi zaidi na uhusiano mbaya na mzazi, wala hawakuona kwamba kunaleta adabu.

“Sheria inamruhusu mzazi.”
Si kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha. Inasema pia kwamba kumrudi mtoto hakuna uhalali ikiwa kwa udogo wake haelewi anarudiwa nini. Huyo ni mwanao wa mwaka mmoja. Ukiona mtoto anateswa, piga 116, ni bure.

“Hayo ni mambo ya Wazungu.”
Kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, mtoto akishindikana huitwa mjomba. Anakaa naye, anamsikiliza, anamsema, na maneno ya mjomba yanaingia. Viboko navyo vilikuwepo, sikatai, hata jandoni. Basi tuchague cha kurithi.

“Wazee hawatakubali.”
Msimu wa korosho wazazi wako shambani tangu alfajiri, mtoto anashinda kwa bibi. Mlichokubaliana nyumbani kisipomfikia bibi, mtoto atakuwa na sheria mbili. Nenda mapema, kabla ya msimu, kwa adabu zote: “Shikamoo bibi. Mjukuu wako akikosea, naomba usimchape. Mkalishe karibu yako umweleze, nasi jioni tutaongea naye.” Mwombe na anachokiweza kukuzidi: hadithi za sungura na fisi, ambazo mtoto anajifunzia mema na mabaya bila kuguswa. Akisahau akamchapa, usimkemee mbele ya mtoto. Subiri mbaki wawili umkumbushe, na ikibidi mwombe mjomba akuongezee sauti.