Ugonjwa wa ateri za pembeni: maana yake na ukubwa wake duniani

Ugonjwa wa ateri za pembeni ni hali ambayo mishipa inayotoa damu moyoni kuipeleka miguuni huzibwa polepole na utando wa mafuta unaojijenga kwenye kuta zake, hadi damu inayopita haiitoshi misuli inapofanya kazi. Mgonjwa anayepanda kilima hubanwa na maumivu kwenye shavu la mguu, husimama dakika chache yakapoa, kisha humrudia baada ya mwendo uleule. Wajerumani huuita ugonjwa wa madirisha ya maduka, kwa kuwa mgonjwa husimama kila mara akijifanya anatazama bidhaa.

Wengi, hata hivyo, hawana dalili hiyo, na wenye nayo mara nyingi husingizia uzee au baridi yabisi. Kwa hiyo ukubwa wa ugonjwa haujulikani kwa kuhesabu wanaolalamika, bali kwa kupima. Mtu hulazwa chali, akapimwa shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu na kwenye mkono, kisha la mguu hugawanywa kwa la mkono. Jibu likiwa 0.90 au chini yake, huhesabiwa kuwa na ugonjwa.

Kwa kutegemea vipimo vya namna hiyo, watafiti walikadiria kuwa mwaka 2000 wagonjwa walikuwa milioni 164 duniani, na kufikia mwaka 2010 walikuwa milioni 202, takriban 7 kati ya kila 10 wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dhana kwamba haya ni maradhi ya matajiri haina msingi.

Hatari huongezeka kadiri umri unavyosonga, pamoja na shinikizo la juu la damu na kolesteroli nyingi, lakini sigara na kisukari ndivyo vinara. Sigara huidhuru mishipa ya miguu kuliko hata ile ya moyo, na athari yake hudumu miaka mingi baada ya mtu kuacha kuvuta. Kisukari kina hila zaidi: hukakamaza mishipa kwa chokaa isibonyee, kipimo kikasoma juu kuliko hali halisi, na wakati huohuo huua hisia za nyayo, hivi kwamba dalili ya kwanza huweza kuwa kidonda cha kidoleni, kilichoanzia kwenye kiatu kinachobana, ambacho kimegoma kupona.