Jouli mia zimetoka wapi?

Basi la Mtwara kwenda Lindi lilikuwa limeshaipita Mikindani, mshale wa spidi umesimama kwenye 72. Mwalimu mwenzangu wa hesabu alikaa viti vitatu mbele. Nikamrushia pakiti ya korosho, kilo nzima, akaidaka. Badala ya ahsante akageuka: "Mwalimu, hii ilikuwa na nishati kiasi gani?" Watu wa hesabu hawajui kula kimya kimya.

Nikamwambia inategemea nani anapima. Akadhani namkwepa.

Kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde. Mkono wangu uliirusha pakiti kwa mita 5 kwa sekunde. Nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara mwendokasi kipeo cha pili, kwa hiyo kwetu sisi tuliomo ndani pakiti ilitoka sifuri ikafika jouli 12.5 (jouli ni kipimo cha nishati). Sasa kapime na mama anayeuza madafu kando ya barabara. Kwake, pakiti ikiwa bado mapajani mwangu ilishakuwa na jouli 200. Ilipotoka mkononi ilikwenda mita 25 kwa sekunde: jouli 312.5. Ongezeko ni 112.5, si 12.5.

Darasani hapa ndipo mikono hunyooshwa. Mkono ule ule, korosho zile zile, jouli 100 za ziada zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye basi. Nilipoisukuma pakiti mbele, nayo ilinisukuma nyuma, mgongo ukakibana kiti, kiti kikalirudisha basi nyuma kidogo mno. Kwa mama wa madafu kiti hicho kinakimbia mita 20 kwa sekunde. Msukumo wa newtoni-sekunde 5 (kilo 1 mara mita 5 kwa sekunde) dhidi ya kitu kinachokimbia hivyo unakinyang'anya jouli 100, na injini inazifidia kwa dizeli ambayo dereva hataihisi. Kwetu sisi kiti kimetulia, na nguvu isiyosogeza kitu haifanyi kazi yoyote.

"Na nishati tuli?" akauliza. Hiyo, nishati ya kitu kwa kuwa kiko juu, ina tabia nyingine, na ni rahisi kuichanganya na nishati mwendo. Haijali unakimbia au umekaa, inajali sifuri umeiweka wapi. Yeye ni mtu wa Newala, nikampeleka kwao: embe la nusu kilo, mita 4 juu ya mti, ukingoni mwa Shimo la Mungu, lile bonde refu la Newala. Ukipima kutoka ardhini pale mtini, ukachukua mvutano wa ardhi kuwa newtoni 10 kwa kila kilo, lina jouli 20. Ukipima kutoka bondeni, tuseme mita 100 chini zaidi, lina 520. Likianguka hadi shinani linapoteza 20 tu kwa vyovyote vile. Na hata hizo si mali ya embe peke yake, ni za embe na dunia kwa pamoja.

Akarudi kwenye pakiti. Kama kila mtu ana namba yake, kuna namba gani tunayokubaliana wote?

Nikamwambia aangalie kiganja chake. Alipoidaka, mama wa madafu aliona pakiti ikishuka kutoka 312.5 hadi 200. Kati ya zile 112.5, jouli 100 zilirudi kwenye basi kupitia mwili wake na kiti chake. Zilizobaki 12.5 ziliishia kwenye kiganja na korosho, zikawa joto na kishindo, na kwa hizo mimi na yule mama hatupishani hata nukta.

Kiganja kilikuwa chekundu kidogo. Korosho tatu zilipasuka.