Weupe wa Ol Doinyo Lengai si theluji

Wengi wanaoutazama mlima wa volkeno Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron nchini Tanzania, hudhani kwamba weupe wa kileleni ni theluji, ilhali mlima huo una mita 2,962 tu na uko karibu na ikweta. Weupe huo ni lava yenye kaboneti nyingi za sodiamu (chumvi za jamii ya magadi), ambayo hutoka ikiwa nyeusi na nyepesi, karibu kama maji ya tope, kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, kisha hupauka haraka inapopata unyevu. Joto hilo, dogo kwa kipimo cha volkeno, lisimhadae mtu: mlima ulilipuka kwa nguvu mwaka 1917, 1940, 1966 na 2007, na majivu yake yakaangukia malisho ya Wamaasai.