Ruta ya wati nyingi si lazima

Ukiwauliza mafundi wa Kibuye, Kisumu, ununue ruta gani (mashine ya umeme ya kuchonga kingo na mifereji ya mbao) ya kazi za mara mojamoja nyumbani, wengi watakwambia chukua yenye wati nyingi, kwamba ndogo itakuchomea mbao. Imani hii ni ya siku nyingi, lakini si sahihi.

Mbao huungua kwa sababu ya biti butu (biti ni kisu kinachozunguka cha ruta), au mkono unaokawia mahali pamoja. Biti inayozunguka mara 25,000 kwa dakika bila kusogezwa haikati tena, inasugua tu, na msuguano huleta joto. Itazame biti iliyotumika sana: mara nyingi utakuta utomvu mweusi umegandamana kwenye makali. Uondoe huo kabla ya kulaumu mota.

Ruta ndogo ya wati 700 hivi, yenye koleti (tundu linaloshika shina la biti) ya robo inchi, inatosha kabisa kuviringa kingo za meza na kuchimba mfereji wa rafu. Kwenye mvule, chimba milimita 2 au 3 kila unapopitisha, kisha urudie. Ruta kubwa yenye koleti ya nusu inchi inafaa biti pana za milango, na hata hizo hutaka kasi ipunguzwe. Pesa utakayookoa, nunua biti nzuri za kabaidi (makali magumu sana) na miwani ya kukinga macho.