Barua za Lloyd George kwa familia yake: angalia kwanza nani anamdai

Kazi yangu ni kusoma barua za wanasiasa waliokufa zamani, na swali naloulizwa kuliko yote ni "enhe, kuna siri gani humo?" Watu wanadhani mwanasiasa akishafunga mlango akakaa kumwandikia mkewe basi hapo ndo anatoa ukweli wote, na kule jukwaani alikuwa anaigiza tu. Haiendi hivyo bana. Mi nikishika barua ya mtu kwa ndugu yake naanza kujiuliza huyu anayeandika anadaiwa nini na huyo anayeandikiwa, na hapo hapo nusu ya barua inaeleweka. Mtu anayefaa kujifunzia hii kitu ni David Lloyd George, yule Mwelisi, yaani mtu wa Wales, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza kuanzia Desemba 1916 mpaka Oktoba 1922.

Alizaliwa Manchester 1863, baba yake mwalimu, na mwaka uliofuata baba akafa kwa homa ya mapafu akamwacha mama na watoto wadogo na mimba juu, mimba ambayo ndo mdogo wake William tutakayemzungumzia sana. Mjomba wao Richard Lloyd, fundi viatu wa kijiji cha Llanystumdwy kaskazini mwa Wales, akawabeba wote akawaweka kwake. Mjomba hakuwa na mke wala mtoto, alikuwa anahubiri kanisani bila malipo, na David alipotaka kusomea uwakili ikabidi ajue Kilatini na Kifaransa, basi mzee akakaa chini na vitabu akajifundisha mwenyewe ili aweze kumfundisha mpwa wake. Hilo ni deni la kwanza na halilipiki, ndo maana hata jina la Lloyd alilolibeba maisha yake yote ni la mjomba.

Deni la pili ni la hela kabisa. Aprili 1890 ukatokea uchaguzi mdogo jimbo la Caernarfon, David akashinda kwa kura 18 tu akiwa na miaka 27, na aliyeshindwa ni bwana mkubwa mwenye ardhi pale pale kijijini kwao. Raha tupu. Ila kipindi hicho mbunge wa Uingereza alikuwa halipwi mshahara, hata senti, ubunge ulikuwa kazi ya watu wenye hela zao au wenye mtu wa kuwalipia. Sasa kodi ya nyumba London, nauli ya treni, suti, mke na watoto, nani analipa? Analipa William, mdogo mtu, aliyebaki Criccieth, mji mdogo jirani na kijiji chao, anaendesha ofisi ya uwakili yenye majina yao wote wawili huku kazi anafanya mmoja.

Ukishajua hilo, barua za David kwa William zinabadilika kabisa machoni. Alikuwa anaandika karibu kila siku, fupi fupi, nyingine kaandikia humo humo Bungeni mjadala ukiendelea, Kiwelisi na Kiingereza vimechanganywa kwenye sentensi moja kama sisi tunavyochanganya. Nimeongea jioni hii, walinishangilia, fulani alikuja kunipa mkono, gazeti fulani limeniandika vizuri, na ile hela ya ofisi je? Waandishi wengi wa wasifu wake wanasoma hapo majivuno, na kweli majivuno yalikuwepo, huyu jamaa alijipenda sana. Lakini mi naona zaidi ripoti ya mtu kwa mwenye hisa. William alikuwa amewekeza maisha yake kwenye siasa za kaka yake kwa hiyo alistahili kuambiwa hela inazaa nini, na juu ya hapo David alijua fika kwamba habari zitafika kwa mjomba na mzee atazirudia kwa furaha, ndo maana mambo ya mahubiri na makanisa hayakosekani.

Na David alihangaika kweli kutafuta hela nyingine. Miaka ya 1890 aliingia kwenye dili la dhahabu Patagonia huko Argentina, akapanda meli akaenda mwenyewe mwaka 1896, na dhahabu ya maana haikuonekana. Akafungua ofisi ya uwakili London, na ofisi hiyo ndiyo iliyopewa kazi mwaka 1903 ya kuandaa rasimu ya mkataba wa kuwapa Wayahudi makazi Afrika Mashariki, ile plani tunayoijua kama ya Uganda wakati ardhi yenyewe ni nyanda za Uasin Gishu. Kwa hiyo watu wa Eldoret, jina la huyu bwana lilipita kwenu mapema kuliko mnavyodhani.

Deni liliuma zaidi wakati wa vita vya Makaburu, Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, 1899 mpaka 1902. David alivipinga hadharani, na Desemba 1901 pale Birmingham umati ukavamia ukumbi, ikabidi atolewe kavalishwa nguo za polisi. Hiyo ndo stori watu wanaipenda. Isiyosimuliwa sana ni kwamba wateja wa uwakili walikimbia, yaani aliyeongea ni mmoja na hasara wakala wote wawili.

Kwa mke mambo ni mengine. Margaret Owen alikuwa binti wa mkulima mwenye uwezo, na wazazi wake hawakumtaka huyu kijana wa fundi viatu. Kuna barua maarufu ya wakati wanachumbiana, katikati ya miaka ya 1880, ambapo David anamwambia binti wa watu waziwazi kwamba wazo lake kuu ni kupanda juu, na kwamba yuko tayari kulitupa hata penzi chini ya magurudumu kama litaziba njia, kitu pekee anachotumaini hatakitoa sadaka ni uaminifu. Fikiria unapokea hiyo barua ukiwa unachumbiwa. Wengine wanaiita ukatili, mi naiita tangazo la masharti, tena ni barua yake ya kweli kuliko nyingi zilizofuata kwa sababu wakati ule alikuwa bado hajamkosea huyo dada kitu. Wakaoana Januari 1888.

Margaret hakuipenda London, alibaki Criccieth kwa vipindi virefu na watoto wake, na David akawa peke yake mjini akianza kuwa na wanawake. Agosti 1897 Margaret akamlalamikia kuhusu mwanamke mmoja na majibu yake yamehifadhiwa. Umekuwa mama mzuri, anamwambia, ila mke mzuri si mara zote, hebu weka pembeni hicho Kimethodisti chako ujiulize kama hukumtelekeza mumeo. Angalia ujanja wa wakili hapo, mshtakiwa kasimama kashika kiti cha mwendesha mashtaka. Ukitaka kumwona anavyojadiliana na mawaziri wenzake soma hiyo barua ya nyumbani, mbinu ni zile zile.

Halafu inakuja 1914. Tarehe 3 Agosti, akiwa waziri wa fedha, anamwandikia Margaret kwamba siku hizi anatembea kwenye ulimwengu wa jinamizi, kapigania amani kadiri alivyoweza ila Ujerumani ikiivamia Ubelgiji, taifa dogo, basi kila kitu alicholelewa nacho kitamsukuma upande wa vita, na mzigo huo ataubeba hata kama unamchoma nyama. Siku nane baadaye, tarehe 11, anaandika tena kwamba hataki vita ya kuiponda Ujerumani kwa faida ya Urusi na hatamtoa mtoto wake mzuri kwa jambo hilo. Mtoto ni Gwilym. Anayeongea hapo ni baba mbele ya mama, na deni lake ni uhai wa kijana wao. Mei 1915 huyo huyo akawa waziri wa silaha, mwaka uliofuata akaunga mkono watu kuingizwa jeshini kwa lazima, halafu akawa waziri mkuu wa vita yenyewe. Gwilym alikwenda vitani akarudi salama. Nikiwa Dar huwa siwezi kuisoma barua ile ya tarehe 11 bila kuwafikiria wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wale waliotuachia jina la Kariakoo, maana walikufa kwa maelfu na wengi wao Lloyd George akiwa ndiye waziri mkuu.

Kuanzia 1913 kuna mafungu mawili ya barua, kwa sababu Frances Stevenson, aliyekuja kama mwalimu wa likizo wa binti yao Megan, sasa ni sekretari na ni mpenzi. Kwa Frances anafunguka kuhusu hofu na wenzake, kwa Margaret anaripoti kazi na kuulizia watoto. Ukichapisha fungu moja tu unapata mume mwema au unapata mhuni, inategemea umeshika lipi. Mi nashauri ziwekwe meza moja kwa tarehe, wiki kwa wiki, na ya William pembeni. Mjomba alifariki Februari 1917, na baada ya hapo zile za kila siku kwenda Criccieth zinapungua sana, ambapo mtu anaweza kusema ni shughuli za uwaziri mkuu tu, sawa, ila mdai mkubwa pia alikuwa kaondoka.

Na ule mshahara wa wabunge? Ulikuja Agosti 1911, pauni 400 kwa mwaka, na waziri aliyesimama Bungeni kuuombea kura ni Lloyd George mwenyewe. Yeye kufikia hapo hakuuhitaji, waziri wa fedha alikuwa analipwa pauni 5,000. William aliendelea na uwakili wake pale Criccieth akaingia na siasa za kaunti, akaishi mpaka Januari 1967, miaka 101, na barua za kaka yake alizitunza.