Dokta, vyuma si vitamdumaza?

Wiki hii nimeulizwa tena, na wa safari hii alikuwa wa tatu. Mama kaja na binti yake wa miaka 12, muogeleaji mzuri, bega la kulia linamuuma mwezi sasa. Nikamweleza tutamjenga nguvu: kuvuta mpira unaonyumbuka, pushapu za ukutani, baadaye dumbeli za kilo 2. Akanikodolea macho utadhani nimemwandikia mtoto bia.

“Dokta, vyuma? Si atabaki andunje?”

Haya, tulimalize. Mifupa ya mtoto hurefuka kwenye gegedu lililo karibu na ncha zake, na gegedu hilo kweli ni laini kuliko mfupa uliokomaa. Hapo mzazi hajakosea. Lakini ukifuatilia visa vya watoto walioumia kwa vyuma, mara nyingi utakuta alikuwa peke yake, kabeba uzito usio wake, au hakufundishwa namna ya kubeba. Mazoezi yenye msimamizi na uzito wa kiasi hayajaonekana kumpunguzia mtoto urefu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinasema hivyo. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 waimarishe misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Linataka, halivumilii tu.

Nikamuuliza binti kazi zake za nyumbani. Kila asubuhi anatoa ndoo ya lita 20 bombani hadi bafuni. Hizo ni kilo 20, kwa mkono mmoja, mgongo umepinda upande. Miaka yangu yote ya kazi sijaulizwa kama ndoo inadumaza.

Sasa tupige hesabu ya bega. Akiogelea mita 3,000 kwa siku kwenye bwawa la mita 25, ni kuvuka mara 120. Akivuta mikono mara 20 kila anapovuka, ni 2,400 kwa siku, na kwa siku 5 ni 12,000. Kila bega limezunguka mara 6,000, na misuli midogo inayoshika kichwa cha mfupa wa mkono kwenye kikombe chake haijawahi kufundishwa kazi hiyo nje ya maji. Ya kifuani inanenepa kwa kuvuta, ya nyuma ya bega imelala. Lisiume kwa nini?

Halafu nikafungua begi lake. Ndani mna makafi ya plastiki ya kuvaa viganjani, mapana kuliko viganja vyenyewe. Kanunuliwa na mama huyuhuyu anayeogopa dumbeli. Makafi yanaongeza mzigo moja kwa moja kwenye bega linalouma! Nimeyazuia mpaka nitakaposema.

Mengine nayapitia haraka maana yananichosha.

Ati atajaa misuli azame. Kabla ya balehe homoni za kujaza misuli bado ni kidogo. Nguvu anayopata inatokana zaidi na ubongo kujifunza kuiamsha misuli aliyonayo. Baada ya wiki 8 hadi 12 anaweza kuongeza nguvu kama asilimia 30, na shati ni lilelile.

Ati vyuma vitamkaza viungo. Akifanya zoezi kwa mwendo kamili wa kiungo, hakakamai. Kinachowakunja mabega watoto ninaowaona ni simu.

Ati kuogelea pekee kunatosha. Kwa moyo na mapafu, sawa. Kwa mifupa, maji yanambeba, kwa hiyo mfupa haupati mshindo unaouambia ukaze. Ndiyo maana kila muogeleaji wangu anaruka kamba, apende asipende.

Ati bega kuuma ni kawaida ya mchezo. Hapana. Likimwamsha usiku, mlete kesho yake.

Ninachokataa mimi ni mashindano ya nani anabeba zaidi, hasa wavulana wa miaka 13 mbele ya kioo cha jimu. Na kabla ya chuma chochote nampa mtoto mpini wa fagio: aunyanyue juu ya kichwa, mikono imenyooka, achuchumae hadi chini. Visigino vikinyanyuka au mpini ukisogea mbele, ndio huohuo wiki ijayo. Binti wa juzi visigino vilinyanyuka. Kaondoka na mpira wa kuvuta na fagio, mama kabeba makafi.